Kabla Hujanunua Kitabu cha RHCSA

Hotuba kwa wanafunzi na mafundi wa TEHAMA wanaojiandaa na mtihani wa usimamizi wa mifumo

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu mliopo, kaka na dada zangu, na ninyi wadogo zangu wa vyuoni: habari za asubuhi. Mliosimama kule nyuma, viti bado vipo hapa mbele. Njooni, siumi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote, iwe kwenye simu au njiani, ni fupi: "Kaka, ninunue kitabu gani?" Muulizaji anataka jina la kitabu, anataka na bei, na ikiwezekana nimtumie na faili lenyewe WhatsApp. Sasa niwaudhi mapema ili tuelewane: leo sitataja jina la kitabu hata kimoja. Kitabu nitakachokisifia hapa, toleo la mtihani likibadilika, kinabaki cha kufungia maandazi. Ninachotaka muondoke nacho ni namna ya kukipima kitabu ukiwa umesimama dukani, au umefungua zile kurasa chache za bure mtandaoni, kabla pesa haijakutoka.

Nitaongelea zaidi mtihani mmoja, EX200, ule wa Red Hat, kampuni yenye mfumo wa Linux uitwao RHEL, unaompa mtu cheti cha RHCSA, cha usimamizi wa mifumo hiyo. Wengi wenu mnaulenga huo. Na pia ndio mtihani unaomuumbua mapema mtu aliyesomea kitabu kibaya.

Unaumbuaje? Hakuna A, B, C, D. Unakaa mbele ya mashine, unapewa kazi, unazifanya. Tengeneza watumiaji, panga ruhusa za faili, ongeza nafasi ya diski bila kupoteza data iliyomo, fanya huduma fulani iwake yenyewe mashine inapowaka. Alama ni 300, anayefaulu ni mwenye 210 kwenda juu. Intaneti hakuna. Na kuna sharti moja ambalo Red Hat wenyewe wameliandika wazi kwenye ukurasa wa malengo ya mtihani: kila ulichokipanga lazima kibaki kilivyo hata mashine ikizimwa na kuwashwa upya, bila mtu kuja kuigusa. Sharti hilo lishikeni, maana kila kipimo nitakachowapa kinarudi hapo.

Mtu anayejiandaa na LPIC-1, cheti cha Linux cha shirika la LPI, yeye yuko kwenye uwanja mwingine. Kule kuna mitihani miwili, 101 na 102, kila mmoja maswali 60 kwa dakika 90, mengi ya kuchagua jibu na machache ya kujaza amri mwenyewe. Pale kukariri kuna nafasi yake. Utaulizwa maana ya kiambatisho fulani cha amri ambacho kazini hujawahi kukitumia, na utaulizwa vifurushi vya Debian pamoja na vya familia ya Red Hat. Kitabu cha LPIC-1 kisicho na maswali ya kutosha kila mwisho wa sura, kiache. Halafu LPI wana jambo zuri ambalo watu hawalitazami: kila lengo kwenye orodha yao limeandikiwa uzito, na uzito ule ndio unaokuonyesha maswali mangapi yatatoka hapo. Chukua kitabu, tazama lengo lenye uzito mkubwa limepewa kurasa ngapi. Ukikuta mwandishi amejaza kurasa 30 juu ya historia ya Linux na kurasa 4 juu ya ruhusa za faili, umeshajua amemwandikia nani. Na kabla hata hujanunua, LPI wanatoa masomo yao wenyewe bure kwenye tovuti yao ya kujifunzia. Anza na hayo.

Haya, turudi kwenye EX200.

Jambo la kwanza ni toleo. Najua mmeshaambiwa "angalia toleo" mpaka masikio yamechoka, lakini tatizo la kwetu ni kwamba vitabu vingi tunavyovipata havina jalada. Faili la PDF limepita kwenye makundi kumi ya WhatsApp, mtu amelikata kurasa za mwanzo, jina limebadilishwa likawa "RHCSA mpya kabisa". Au umekikuta kitabu kinene kwenye meza ya vitabu vya mtumba pale mjini, kimetoka Ulaya, bei nzuri, karatasi nzuri. Utajuaje umri wake?

Fungua ndani, kitasema chenyewe. Ukiona kinakufundisha chkconfig, /etc/inittab, na kuwasha huduma kwa amri ya service, hicho ni cha RHEL 6 au kabla yake. RHEL 7 ilitoka 2014 na systemd, programu inayosimamia huduma za mashine, na tangu hapo tunatumia systemctl. Ukifika kwenye sura ya diski ukakuta njia pekee ya kuongeza ukubwa wa mfumo wa faili ni resize2fs, jua mwandishi aliishi enzi za ext4, maana tangu RHEL 7 mfumo wa faili wa kawaida ni XFS, ambao unakuzwa kwa xfs_growfs na haupunguzwi. Ukikuta kinakutuma kuhariri mafaili ya ifcfg ili kupanga mtandao, hicho hakijafika RHEL 9 ya 2022, ambako mipangilio ya miunganisho inakaa ndani ya /etc/NetworkManager/system-connections na mkono wako unatakiwa uzoee nmcli au nmtui. Na mwaka 2025 imekuja RHEL 10, yenye Flatpak, njia ya kusambaza programu, kwenye orodha ya malengo. Kitabu cha toleo la 9 hakitakuwa na habari hiyo, na si kosa lake.

Tena namba ya toleo peke yake haitoshi. RHEL 8 ilitoka 2019, na orodha ya malengo ya mtihani wake ilipoanza haikuwa na makontena, yaani programu zilizofungwa pamoja na mahitaji yake. Yaliongezwa baadaye, toleo likiwa lilelile la 8. Kwa hiyo kulikuwa na vitabu vilivyoandikwa "RHEL 8" mgongoni, vipya, vya bei mbaya, visivyo na neno moja juu ya Podman, zana ya kuendesha makontena hayo. Ndiyo maana nawaambia orodha ya malengo itangulie, kitabu kifuate. Ichapishe pale steshenari, ni kurasa chache tu, iweke mfukoni. Kisha pitia yaliyomo ya kitabu ukiweka tiki kwa kalamu. Lengo lisilo na tiki, utalisomea wapi? Ukiwa na jibu, nunua. Ukikosa, acha.

Vipo pia vile vitabu vya mbili kwa moja, RHCSA na RHCE, cheti cha ngazi inayofuata, ndani ya jalada moja. Vilikuwa na maana zamani. Tangu RHEL 8, mtihani wa RHCE ni EX294 na umejengwa juu ya Ansible, zana ya kupanga mashine nyingi kiotomatiki, kwa hiyo nusu ya kitabu cha namna hiyo, ile ya kupanga seva za huduma mbalimbali kwa mkono, haihusiani tena na mtihani wowote utakaoufanya. Unalipia uzito. Ndugu zetu wa Windows yao ni makubwa zaidi: Microsoft waliifuta MCSA yote, vyeti vyao vya mafundi, mwaka 2021, na bado vitabu vyake vipo mezani, vinang'aa.

Sasa tuje kwenye kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Ukiniambia nikipime kitabu kwa dakika tano tu, sisomi dibaji wala sisomi sifa zilizoandikwa nyuma. Nakwenda moja kwa moja kwenye sura ya diski, natafuta /etc/fstab, faili linaloiambia mashine diski zipi izipachike inapowaka.

Kila kitabu kitakuonyesha mstari wa fstab. UUID ya diski, yaani namba yake ya utambulisho, mahali pa kuipachika, aina ya mfumo wa faili, neno defaults, sifuri, sifuri. Hapo hakuna ubingwa. Mimi natazama mistari inayofuata. Je, mwandishi anakwambia uandike mount -a kabla hujazima mashine, uone kama inalalamika? Anakuonyesha findmnt --verify, ambayo inalisoma faili zima na kukutajia mstari wenye kasoro? Halafu la muhimu zaidi: anakupeleka mpaka mahali ambapo mambo yameharibika? Umekosea herufi moja ya UUID, ukawasha upya, mashine ikakataa kuwaka sawasawa, skrini nyeusi inakuambia uko kwenye hali ya dharura na inataka nenosiri la root, yule mtumiaji mkuu. Ukurasa huo upo? Anakuambia uingize nenosiri, usome journalctl -xb uone ni diski ipi iliyogoma, uhakikishe mzizi wa mfumo wa faili unaandikika, na kama hauandikiki uupachike tena kwa mount -o remount,rw, urekebishe mstari, uwashe tena?

Kama ukurasa huo upo, mwandishi huyu amekaa na watahiniwa. Kama haupo, amenakili amri kutoka kwenye maelezo rasmi akazipanga vizuri. Fikirieni wenyewe: mtu amefanya kazi zake zote sawasawa, kasoro mstari mmoja wa fstab. Mashine inazimwa, inawashwa, inagoma. Watumiaji aliowatengeneza wamo humo ndani, ruhusa zimo, ratiba za cron zimo. Atasahihishiwa nini, ikiwa mashine yenyewe haikuwaka?

Kipimo hichohicho kipeleke kwenye nenosiri la root lililosahaulika. Kukatiza uwashaji wa mashine ili uingie ndani ni lengo lililoandikwa kwenye orodha. Kwa miaka mingi njia iliyofundishwa ni kuongeza rd.break kwenye mstari wa kernel pale GRUB, programu inayoanzisha mfumo, kuingia /sysroot kwa chroot, kubadilisha nenosiri, na kisha touch /.autorelabel. Hiyo ya mwisho kitabu kivivu huisahau, au huitaja bila kusema inafanya nini. Faili la nenosiri limeandikwa upya wakati SELinux, ule ulinzi wa ndani unaotazama lebo za mafaili, haijapakia sera yake, kwa hiyo limepoteza lebo yake, na usipoomba lebo zirudishwe utakuta nenosiri jipya ni sahihi na bado mlango haufunguki. Kitabu kilichokueleza sababu kimekuandaa kwa mashine tano zitakazogoma kwa njia tofauti. Kilichokupa amri tupu kimekuandaa kwa ile moja aliyoitumia mwandishi.

Na kwa kuwa SELinux imetajwa, hapa sina upole. Kitabu chochote cha EX200 kinachokuambia, "Huduma ikigoma, andika setenforce 0 uendelee na kazi," rudisha rafuni. Najua mafundi wengi kazini ndivyo tunavyofanya, tena mchana kweupe, na bosi anafurahi kwa kuwa tovuti imerudi hewani. Lakini mtihani unataka ujue kurudisha lebo ya faili, ujue kuiruhusu huduma itumie bandari nyingine, na SELinux ibaki imewaka.

Hapo ndipo inapoingia kazi nyingine ya kitabu ambayo wanunuzi hawaiulizii: kukufundisha kuishi bila kitabu. Mtihani hauna intaneti, lakini kurasa za man, yaani mwongozo wa amri, zimo ndani ya mashine. Andika man semanage-fcontext, teremka mpaka chini kabisa, kuna mifano. Utakuta mfano wa kuweka lebo kwenye saraka ya /web na kila kilichomo, pamoja na restorecon yake, umeandikwa tayari. Ule mpangilio wenye mabano na nukta na nyota ambao watu wanaukariri usiku kucha umekaa pale unakusubiri. Vivyo hivyo man nmcli-examples kwa upande wa mtandao. Kitabu kizuri kinakutuma huko mara kwa mara, kinakuambia, "Sitakupa amri hii, itafute kwa man -k." Wanafunzi huwachukia waandishi wa namna hiyo, wanasema anabana. Mnunueni huyohuyo anayebana.

Sasa madesa. Tusifichane, sote tunajua kinachozunguka. Kuna vitabu vya darasani vya Red Hat wenyewe, RH124 na RH134, vinavyopita mkono kwa mkono. Acha suala la haki ya mwenye mali, ingawa ni suala kweli. Mimi nasema tu habari ya matumizi: vitabu vile viliandikwa viende pamoja na maabara yao. Zoezi linaanza kwa kukuambia uingie kwenye mashine inayoitwa workstation, uandike lab start na jina la zoezi, ndipo programu yao inakuandalia mashine za servera na serverb zikiwa na tatizo la kutatua. Wewe nyumbani huna workstation, huna servera, na amri ya lab kwenye mashine yako haipo. Umebaki na hadithi ya zoezi. Nimewaona vijana wanaosoma kurasa zile kama riwaya, wanapiga mstari kwa kalamu ya rangi, hawajagusa kibodi.

Kuhusu pepa zilizovuja sina maneno mengi. Unaposajiliwa unakubali kutunza siri ya mtihani, na cheti kinaweza kunyang'anywa. Tena wauzaji wake wengi hawajawahi hata kuukalia huo mtihani. Nimeona "majibu" yenye amri ambazo hazipo duniani.

Kitabu ukishakichagua, kinahitaji mashine za kufanyia. Hapa kwetu hilo ni sehemu ya uchaguzi, kwa sababu ya bando. Uliza: mazoezi ya kitabu hiki yanafanyika nje ya mtandao? Kama kila zoezi linaanza kwa kupakua vitu kutoka kwenye tovuti ya mwandishi, piga hesabu ya bando kwanza. Kinachonipendeza ni kitabu kinachokuambia ushushe faili moja kubwa la ISO la DVD, takriban GB 10, mara moja tu, labda usiku au kwenye mtandao wa chuo. Kisha kinakufundisha kulipachika faili hilo na kutengeneza ghala lako la vifurushi kutoka kwenye saraka za BaseOS na AppStream zilizomo ndani. Umeokoa bando, na papo hapo umefanyia mazoezi lengo la kupanga ghala la vifurushi. Ile ISO ndogo inayoitwa minimal itawavuta kwa udogo wake. Haina vifurushi vyote, itakukwamisha mbele ya safari.

Mfumo wenyewe si lazima ununue. Tangu 2021 Red Hat wanampa mtu binafsi usajili wa bure wa wasanidi programu, unaomruhusu kutumia mpaka mifumo 16, na wewe unahitaji miwili, mitatu tu. Ukitaka bila usajili kabisa, ipo Rocky Linux na ipo AlmaLinux, mifumo ya bure inayofanana na RHEL, zote zilizaliwa 2021 baada ya Red Hat kutangaza kwamba CentOS Linux 8, iliyokuwa ikifanya kazi hiyohiyo, itafikia mwisho wake Desemba mwaka huohuo. Kitabu kinachokuambia ufanyie mazoezi kwenye CentOS 8, jibu lake mnalo. Laptopu yenye RAM ya GB 8 inabeba mashine pepe mbili bila shida kubwa.

Na umeme ukikatika katikati ya zoezi, msilalamike sana. Mmewashiwa upya bure. Ukirudi, tazama ulichokipanga kama bado kipo.

La lugha nilitaka niliruke, ila naona walimu wananitazama. Vitabu karibu vyote vya mtihani huu ni vya Kiingereza, na kwa wengi wetu Kiingereza ni lugha ya tatu. Kiingereza kigumu si dalili ya ujuzi wa mwandishi. Chukua aya moja ya SELinux au ya LVM, ile njia ya kugawa na kukuza nafasi za diski, kwenye vitabu viwili, zisome mara moja tu, funga, mweleze mwenzako kwa Kiswahili. Kitabu ulichoweza kukieleza ndicho chako, hata kama kile kingine kina sifa kubwa zaidi. Wengine mnashindwa mazoezi kwa kutoelewa swali, siyo kwa kutojua amri.

Tulikuwa na muda wa maswali, na moja naomba liandikwe kwa sababu linawahusu wengi. Dada mmoja ameuliza: ana kitabu cha toleo la 9, amekifikisha nusu, na sasa anasikia habari za toleo la 10, akitupe?

Dada yangu, usitupe. Umeshalipia mtihani? Kama umelipia wa toleo la 9, maliza kitabu chako na usibabaishwe na mtu. Kama hujalipia, fungua leo ukurasa wa EX200, uone ni matoleo gani wanayoyafanyisha hivi sasa. Ukiamua kwenda na la 10, chukua orodha ya malengo ya matoleo yote mawili, ziweke kando kwa kando, piga mstari penye tofauti. Sehemu kubwa utaikuta ilivyokuwa: watumiaji, ruhusa, LVM, systemd, fayawali, SELinux. Yaliyobaki, yasome kwenye maelezo rasmi ya Red Hat, ambayo ni bure, na uyafanyie kwenye mashine ya toleo la 10. Pesa ya kitabu kipya iongeze kwenye ada ya mtihani. Ile ni mamia ya dola, haina mchezo.

Aliyeuliza juu ya masomo ya video, nitamjibu nje wakati wa chai, maana mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili. Asanteni sana.